Ndoo ya Kwanza Mstarini

Mtaa ule ulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa na kila mtu, wema na wezi, nayo ilikuwa sheria ya ndoo. Kwingine watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Pale bombani asiyekuwepo lake lilikuwepo, maadamu ndoo yake ipo. Uliipanga mstarini ukarudi zako nyumbani kuwasha moto, kunyonyesha, hata kugombana na mumeo mkamaliza, na ukirudi uliikuta imesogezwa mbele kwa heshima kama mgonjwa aliyeshikwa mkono. Mwizi wa mtaa ule aliweza kukuibia ndoo jikoni mchana kweupe, lakini ikishakaa mstarini hakuigusa.

Zamu ya ndoo ikifika na mwenyewe hajaja, aliye nyuma yake aliita mara tatu: "Mwenye ndoo!" Asipoitika, ndugu yake wa damu ndiye aliyeruhusiwa kuiinua na kushika zamu. Kama ndugu hayupo, watu walisubiri. Walinung'unika, walitukana kimoyomoyo, lakini walisubiri. Kuruka ndoo ya mtu ilikuwa sawa na kumruka mwenyewe akiwa amelala chini.

Fundi bati ndiye aliyekuwa daktari wa ndoo hizo. Kibanda chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba yake, kikitazamana na lango la shule ya msingi, na bomba lilikuwa pale pale nje ya ukuta wa shule. Ndoo ikitoboka ililetwa kwake. Aliikatia kiraka kwa mkasi wa bati, akakipigilia ribiti, zile pini fupi za kuunganishia bati, akaziba kingo kwa lehemu. Alikuwa akisema, "Mimi watu nasahau nyuso, ndoo sisahau makalio." Na kweli, ungemwonyesha kitako cha ndoo angekwambia ya nani na ilitoboka lini.

Alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, aliyeitwa Mbishi kwa sababu alikuwa anabishana hata na redio. Siku moja Mbishi alileta ndoo yake imechanika chini. Fundi alikuwa ameishiwa ribiti ndogo, akampigilia moja kubwa ya mapipa. Kichwa cha ribiti kikachomoza nje, na ndoo ikiburutwa kwenye kokoto ikawa inalia: kwaruu, kwaruu.

"Kaka, umeiotesha ndoo yangu jino!"

"Nenda nalo leo. Kesho nitalipiga tupa liwe bapa."

"Kesho kura."

"Basi ukishapiga kura uilete."

Hakuileta. Kesho yake Mbishi aliamka alfajiri, akaiburuta ndoo hadi uwanja wa shule, akaiweka mbele ya mlango wa kupigia kura kama anavyoiweka bombani, kisha akakaa ukutani kupiga soga. Watu walicheka kwanza, halafu wakaona si ujinga. Nao wakaleta zao. Ukawa mstari wa ndoo na watu wake.

Mtaa ule ulijulikana kuwa haumpendi diwani. Kabla mlango haujafunguliwa, lori lilishusha vijana wenye marungu, wakaingia mstarini wakipiga ovyo. Watu wakatimua mbio. Mbishi naye alikimbia, na Fundi alimwona akikimbia, akashukuru Mungu. Kisha akamwona anageuka.

"Ndoo yangu iko mstarini," alisema Mbishi. Waliomsikia walisema alisema vile tu, bila kupiga kelele, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua.

Fundi alipovuka barabara, vijana wale walikuwa wanapanda lori. Alimbeba mdogo wake kwenye bati jipya alilokuwa amelitoa kibandani, na hakufika naye hospitali akiwa hai. Ndoo haikuonekana tena. Mtu wa kumshtaki naye hakuonekana. Kila aliyeulizwa alisema alikuwa anakimbia, na anayekimbia macho yake yako mbele.

Makaburini, watu walipoanza kuondoka, mama yao alimshika Fundi mkono. "Nimebaki na wewe peke yako," alisema. "Niapie hapa hapa hutasimama tena kwenye mstari ule."

Fundi akaapa. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Tangu hapo alfajiri zake hazikuwa na usingizi. Wanawake walipoanza kupanga ndoo bombani, katikati ya milio yote alisikia mmoja: kwaruu. Kimya. Kwaruu. Kimya. Ulikuwa mlio wa mtu anayesogeza ndoo hatua moja, anangoja, anasogeza tena. Alikuwa akitoka kutazama, haoni kitu. Mkewe, Mama Pacha, naye alikuwa akiusikia, lakini walikubaliana bila kusemezana kwamba jambo hilo halizungumzwi.

Bombani kwenyewe, mbele kabisa ya mstari, wanawake walizoea kuacha nafasi ya ndoo moja. Mpangaji mmoja mgeni aliweka ndoo yake hapo, akaenda kununua kiberiti, akarudi akaikuta pembeni. Akauliza kwa ukali nani kamsogezea.

"Hapo pana mtu, dada," aliambiwa.

Hakuuliza tena, na mwezi ulipoisha alihama.

Diwani alirudi kitini, maana waliopiga kura siku ile walikuwa wachache na wengi wao wa kwake. Jambo la kwanza alilofanya ni kulifunga bomba kwa mnyororo na kufuli, akisema mabomba ya zamani yana wadudu. Maji safi yakawa yanaletwa na magari ya shemeji yake, na shemeji yake hakuwa mtu wa sadaka. Watoto wakaanza kuoga siku za shule tu. Wanawake wakaacha kupanga ndoo, kwa kuwa hakukuwa na cha kungojea.

Ila ile ya alfajiri haikuacha. Bomba limefungwa, mtaa umelala, na kule ukutani mtu alikuwa bado anasogeza ndoo yake.

Miaka ikaenda, kura ikarudi. Mpambe wa diwani akawa anapita na kipaza sauti kwenye gari: "Wananchi, siku ya kura pumzikeni na familia zenu! Msijichoshe! Kura zenu tunazo!"

"Umesikia?" Mama Pacha alimwambia mumewe. "Kura yangu anayo yeye. Sikumbuki kumwazima."

"Mke wangu, kaa ndani."

"Wewe uliapa. Mimi niliapa lini?"

"Utaniachia watoto."

"Watoto nitakuachia hata nikifa kwa kuhara haya maji ya dimbwi tunayokunywa." Kisha akalainika kidogo. "Baba Pacha, sisemi uende. Nasema usinizuie."

Fundi alichukua nyundo akaanza kugonga bati ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Siku ya kura ilipopambazuka, mlio ulikuja. Lakini safari hii haukutoka bombani. Ulipita mbele ya dirisha lao, karibu kabisa, ukavuka barabara: kwaruu, kwaruu, kwaruu, bila kusimama, kama mtu aliyeona foleni imeachia.

"Umesikia?" alinong'ona Mama Pacha.

"Panya."

"Panya gani anavuta ndoo?"

Walifungua dirisha pamoja. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Mbele ya mlango wa darasa la kupigia kura kulikuwa na ndoo moja ya bati. Haikuwa na mtu. Jirani zao nao walikuwa wamefungua madirisha, na kila dirisha lilikuwa na uso unaotazama kitu kile kile.

Ikapita muda. Kisha mlango wa msusi ukafunguka. Msusi alikuwa mwanamke mnene mwenye mdomo mkali, aliyesuka nusu ya vichwa vya mtaa na kujua siri za nusu iliyobaki. Alikimbia na ndoo yake, akaitua nyuma ya ile ya kwanza, akarudi ndani mbio akashindilia komeo. Wa pili alikuwa Mama Pacha, kabla mumewe hajanyoosha mkono. Akaja kinyozi na kiti chake cha kunyolea. Baada yake kila mtu alileta alichonacho, akakitua, akakimbia: madumu, beseni, kinu, kigoda, mwashi akaleta pipa la chokaa, mzee mmoja asiye na kitu akaacha kiatu kimoja. Jua lilipotoka kulikuwa na mstari mrefu unaozunguka uwanja, umenyooka vizuri, na hakuna binadamu hata mmoja ndani yake.

Lori likaja.

Kiongozi wa wale vijana alikuwa jitu fupi nene liitwalo Kisiki. Alishuka na rungu lake begani, akatazama kulia, akatazama kushoto. Walikuja kupiga watu, wakakuta ndoo.

"Watu wa huu mstari wako wapi?" akauliza kwa sauti.

"Hao hapo mbele yako," alijibu msusi kupitia dirishani. "Wapige."

Mahali fulani mtu akacheka, akajiziba mdomo. Kisiki akatabasamu kama mtu anayekumbuka kwamba ana deni la kutisha watu. Akaenda mbele ya mstari akaipiga teke ndoo ya kwanza.

Ndoo haikusogea. Kisiki ndiye aliyesogea, akiruka kwa mguu mmoja. Akachungulia ndani, ilikuwa tupu. Akaikamata kwa hasira, akaipindua aone imefungwa na nini, na hapo akaona kitako chake na ile ribiti kubwa.

"Hii..." alisema. "Hii si niliizamisha mwenyewe kule machimboni? Siku ile ile. Niliijaza mawe kwa mkono wangu."

Wenzake walimtazama. Askari wa kulinda kura, aliyefika jua lilipotoka akakaa mlangoni akijifanya kuzisoma kucha zake, akainua uso.

"Rudia, baba," msusi alisema taratibu. "Wa nyuma hawakusikia."

Kisiki aliitua ndoo pale pale alipoitoa, kwa mikono miwili, kama anavyotuliwa mtoto. Akaondoka. Hakupanda lori, alipita kando yake akaenda kwa miguu, na rungu lake akalisahau chini. Vijana waliobaki wakasimama wasijue pa kuanzia. Rungu ni jepesi ukilishika mbele ya mtu anayekimbia. Mbele ya kitu kisichokimbia linakuwa mzigo. Wakavuka barabara wakakaa kwenye kivuli cha lori lao, wakitazama.

Karani wa kura akafungua mlango. Alikuwa kijana mwenye miwani, mgeni, ameletwa kutoka mbali.

"Wa kwanza!" akaita.

Msusi akatoka, akaja kusimama kando ya ndoo yake. Shingo ilikuwa imenyooka.

"Ingia, mama."

"Si zamu yangu."

"Zamu ya nani?"

"Ya huyu."

"Hiyo ni ndoo."

"Naiona. Na mimi ni nani hata niiruke?"

Karani akavua miwani akaifuta. "Mama yangu, mwongozo wangu hausemi chochote kuhusu ndoo."

"Wetu unasema."

"Jioni nafunga. Wasipoingia watu naandika sifuri, na mshindi atapatikana kwa kura za mitaa mingine. Mimi nimekuambia."

Msusi alijua hayo. Wote madirishani walijua. Sifuri ndiyo iliyokuwa kura ya diwani. Lakini kama wangeiruka ndoo ile leo, wakaingia wakikanyagana, kesho wangekuwa na sheria gani tena iliyobaki? Msusi akavuta pumzi, akaita:

"Mwenye ndoo!"

Sauti ikaenda ikarudi ukutani.

"Mwenye ndoo!"

Macho ya madirishani yakaanza kuhama, moja moja, hadi kwenye mlango wa Fundi bati.

"Mwenye ndoo!"

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya mlango huo, mkono uko kwenye komeo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yake.

"Mwanangu," alisema mama. "Unaitwa."

"Anaitwa yeye, mama."

"Yeye ataitikaje? Ndugu wa damu ni nani zaidi yako?"

"Si uliniapisha?" alisema Fundi, mtu mzima yule mwenye mvi. "Si uliniapisha juu ya kaburi?"

"Nilikuapisha ili nibaki na mtoto. Sikubaki na mtoto, nimebaki na komeo." Mama akapangusa goti lake kama lina vumbi. "Unadhani mimi siisikii alfajiri? Masikio yangu yamekufa kwa mengine, kwa hilo hayajafa. Kiapo kilikuwa changu, nakichukua. Nenda kamtoe mwenzako mstarini. Amesimama mno."

Fundi akafungua.

Kuvuka ile barabara hakukuwa jambo refu, lakini mguu wake ulikumbuka mara ya mwisho ulipoivuka, ukawa mzito. Vijana wa lori wakainuka. Mama Pacha akatoka nyumbani akamfuata nyuma. Kinyozi akatoka. Mwashi akatoka. Hakuna aliyesema twendeni. Walitoka tu, kila mmoja akaenda kusimama kando ya kitu chake, na vijana wa lori wakakaa tena.

Fundi akashika mpini wa ndoo. Ulikuwa baridi na una unyevu, kama umetoka kisimani. Akaipindua, maana hivyo ndivyo alivyojua kumtambua mtu. Kiraka kilikuwa chake, lehemu yake, na ule mkato wa mkasi uliokwenda upande. Ribiti kubwa ya mapipa ilikuwa pale pale. Ila kichwa chake kilikuwa kimelika, kimekuwa bapa, kinang'aa kama sarafu. Kazi ya tupa aliyoiahidi, kokoto zilikuwa zimeifanya, alfajiri baada ya alfajiri, kwa miaka yote ile.

Aliifuta kwa kiganja. Kisha akaingia nayo ndani.

"Hiyo ndoo ni ya nani?" aliuliza karani, akitazama kitambulisho.

"Ya mdogo wangu."

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Aliuawa hapo nje ya kizingiti chako."

Karani akatazama kizingiti kabla hajajizuia. "Pole, mzee," alisema. "Lakini kura yake..."

"Najua. Kura yake haipo tena. Ninayoomba ni yangu."

Alipewa karatasi. Aliinama nyuma ya kile kijisanduku cha kuficha mkono, akaitua ndoo miguuni, na wakati anaweka alama alisikia nyuma yake mlio mmoja mfupi: kwaru. Haukuendelea. Ulikuwa kama mlio wa mtu aliyetua mzigo na kunyoosha mgongo. Fundi hakugeuka. Alikunja karatasi, akaitumbukiza, akapakwa wino kidoleni, akatoka nje kwenye jua.

"Haya," alimwambia msusi. "Zamu yako, dada."

Mstari ukasogea. Ulisogea mchana kutwa, watu na vitu vyao, na walipomaliza hawakwenda nyumbani. Walizipindua ndoo wakazikalia, pale pale uwanjani, wakitazama mlango wa darasa ambamo kura zilikuwa zinahesabiwa. Mpambe wa diwani alikuja na kipaza sauti chake.

"Mmeshapiga kura! Nendeni nyumbani!"

"Tunangoja maji," alisema kinyozi.

"Maji gani hapa?"

"Ndiyo hayo tunayongoja."

Hawakuondoka hadi karatasi ya matokeo ilipobandikwa mlangoni na karani akaisoma kwa sauti mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hawakumwamini. Diwani alikuwa ameanguka. Hakuanguka kwa kishindo, alipitwa kidogo tu, na kile kidogo kilikuwa mtaa wao. Kisiki hakuonekana tena maeneo yale. Askari, watu wa juu walipomuuliza, alisema amesikia alichosikia na yuko tayari kukisema popote. Kwa askari wa pale, kusikia tu kulikuwa hatua.

Asubuhi iliyofuata Fundi aliamka kabla ya jua, akangoja. Hakukuwa na mlio wowote. Alijigeuza huku, akajigeuza kule, usingizi ukakataa.

"Mke wangu," alisema mwishowe. "Ndoo ile uliipata wapi?"

Mama Pacha akainuka kitandani. "Mimi? Mimi nilidhani ni wewe. Nilidhani ulikuwa umeificha miaka yote."

Wakaenda kumuuliza mama. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akarudia kuchambua mchele wake. "Mmeshapata jibu," alisema, "mnatafuta swali la nini?"

Bomba lilipofunguliwa, Fundi aliiweka ndoo ile mezani kwake. Aliing'oa ribiti iliyolika, akaifunga kwenye kitambaa akaitia mfukoni. Kisha akatafuta koponi, akapita ndogo zote, akachagua moja kubwa ya mapipa. Akaipigilia. Kichwa kikachomoza nje vile vile.

Msusi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake mwenyewe, akingoja ahudumiwe.

"Fundi," alisema, "si unaona hiyo imechomoza? Ipige tupa. Itakwaruza huko njiani mpaka tutakoma."

Fundi akaiinua ndoo, akaigonga kitako mara moja, akasikiliza.

"Iache ikwaruze," alisema. "Kura nyingine ikija, nataka nimsikie akitangulia."